Ubavu wa Gwassi

Phelesia Adhiambo alifungua mlango kiasi cha kupitisha uso, akaitazama kadi ya polisi, akaufunga tena.

"Mama, nimetoka Migori," Inspekta Bhoke Werema aliuambia mlango. "Ni juu ya Mwalimu Omosa."

"Na serikali nilimalizana mwaka wa sitini na tano," sauti ilijibu kutoka ndani. "Rudi kwenu."

Bhoke hakurudi. Jua la saa nne lilikuwa limeshashika mabati ya mtaa wa Shauri Yako, Homa Bay, na wanawake wawili wa nyumba ya pili walikuwa wameacha kufua ili wasipitwe na neno. Mmoja aliuliza kwa Kijaluo, kwa sauti ya kusikika, huyo Mkuria ametumwa na nani. Konstebo Metrine, aliyekuwa ameegemea gari, aliwasalimu. Hawakuitika.

"Omosa amekufa, mama," Bhoke alisema. "Aliuawa Jumatano. Simu ya mwisho aliyopiga, alikupigia wewe."

Komeo likasikika likivutwa.

Phelesia alikuwa mwanamke mrefu aliyekaribia miaka sabini, kitambaa cheupe cha kanisa kichwani. Alikaa kwenye kiti kimoja cha mbao, akawaacha wageni wake wamesimama.

"Nilidhani amenidanganya," alisema. "Aliahidi kurudi Alhamisi. Nikasema, haya, ni kama wale wengine. Kumbe alikuwa mochari."

"Alikuja hapa Jumanne?"

"Wewe ndiye polisi. Niambie wewe."

Bhoke alimwambia, kwa sababu hakuwa na muda wa kuzungushana. Clifford Omosa, mwalimu mstaafu wa useremala, alikuwa amekutwa Jumatano saa sita mchana katika karakana yake, nyuma ya nyumba yake huko Suna, Migori, kichwa kimepasuliwa kwa randa yake mwenyewe ya chuma. Mezani palikuwa na meli ya mfano aliyokuwa akiijenga, urefu wa mkono mmoja na nusu: Gwassi, stima iliyozama mwaka wa 1965 ikitoka Homa Bay kwenda kisiwa cha Mfangano. Kwa miaka minne Omosa alikuwa amezunguka akiitafuta meli hiyo katika barua za zamani, katika orodha za mbao na misumari, katika vichwa vya wazee waliowahi kupakia mizigo bandarini. Aliijenga kwa kipimo cha moja kwa hamsini, na kila kilichokuwa kwenye Gwassi alitaka kiwepo mahali pake. Daftari la utafiti wote huo lilikuwa limetoweka. Televisheni, simu na hata saa ya mkononi vilikuwa vimeachwa.

Aliyekamatwa ni jirani yake, Elvis, fundi wa kuchomelea vyuma. Walikuwa wakigombana kila wiki kwa sababu ya makelele, na nyundo ya Elvis ilikutwa na madoa mekundu. Maabara ilisema madoa hayo ni rangi ya mafuta, ile ile iliyopakwa Gwassi tumboni. Omosa alikuwa amempa jirani yake robo ya mkebe siku walipopatana. Lakini Elvis alikuwa bado ndani. Mahakama ilikuwa imeruhusu azuiliwe hadi Jumatatu asubuhi, na mkuu wa Bhoke alikuwa ameshaagiza mashtaka yaandaliwe. Leo ilikuwa Jumamosi.

"Kuna kitu kimoja sikielewi," Bhoke alisema. "Ile meli ina mlango wa mizigo ubavuni. Omosa alikuwa ameukata upande wa kulia. Halafu akauziba. Akakata mwingine upande wa kushoto, mahali pale pale, kipimo kile kile. Mtu aliyefanya utafiti miaka minne anawezaje kukosea upande?"

Kwa mara ya kwanza Phelesia alimtazama usoni.

"Hakukosea yeye," alisema. "Picha ndiyo ilikosea."

Aliinuka, akaingia chumba cha pili, akarudi na bahasha. Ndani yake mlikuwa na nakala ya picha moja ya zamani. Stima imefungwa gatini, sehemu ya mbele imeelekea kulia kwa mtazamaji, jina limezibwa na rundo la magunia ya pamba. Katikati ya ubavu, mlango mpana wa mizigo. Mbele ya mlango wamesimama wanaume sita.

"Hii ndiyo picha pekee ya Gwassi duniani," Phelesia alisema. "Kila mtu anayo, ila mimi sikuwahi kukubali kuitazama. Gazeti limeichapa, shule zimeibandika. Omosa aliniletea Jumanne akaniuliza kitu nikaona huyu mzee amechanganyikiwa. Aliniuliza, mama, kwa nini koti la nahodha limefungwa kifungo kama la mwanamke?"

Bhoke aliisogeza picha dirishani. Ilikuwa kweli. Upande wa kulia wa koti ulikuwa umelala juu ya ule wa kushoto, na mfuko wa kifuani ulikuwa upande wa kulia.

"Sasa muangalie wa mwisho. Yule mfupi. Huyo ni baba yangu, Zablon Ogutu, fundi wa injini. Hesabu vidole vyake."

Mkono wa kulia wa yule mtu ulikuwa na vidole vinne.

"Baba alikatwa kidole na mashine ya pamba kabla sijazaliwa," Phelesia alisema. "Mkono wa kushoto. Mimi nimelishwa na mkono huo. Nilimwambia Omosa, hiyo picha imegeuzwa. Mpiga picha aliisafisha kinyume. Kulia ni kushoto. Yule mzee alisimama hapo ulipo, akalia."

"Kwa sababu ya mlango?"

"Gwassi ililalia upande wa kulia ikazama. Watu thelathini na mmoja. Baba yangu mmoja wao. Nahodha aliogelea akatoka, akaenda mbele ya tume ya uchunguzi na picha hii mkononi, akasema: fundi Zablon aliacha mlango wa mizigo wazi, maji yakaingilia hapo. Tume ikatazama picha. Mlango upande wa kulia, meli imelalia kulia. Kesi ikaisha." Aliikunja bahasha. "Walimletea mama karatasi aweke kidole. Hakujua kusoma. Kumbe karatasi inasema mumewe alikuwa mlevi. Tangu hapo mimi ni mtoto wa aliyeua watu. Nimezomewa shuleni, nimezomewa sokoni. Hata kwaya waliniambia nikae nyuma. Na wewe unakuja hapa na kadi."

"Kama mlango ulikuwa kushoto," Metrine alisema kutoka mlangoni, "maji hayangeweza kuingilia hapo."

"Huyu wako ana akili," Phelesia alimwambia Bhoke.

"Nani mwingine alijua hayo Jumanne?"

Vidole vya Phelesia viliikunja bahasha mara ya pili, halafu ya tatu.

"Mama."

"Mimi," alisema. "Mdomo wangu. Omosa alinipigia akifika kwake, akasema ameshaukata mlango mpya, ninyamaze hadi amalize. Lakini jioni nilikutana na Levis Otieno karibu na soko. Alinipita kama kawaida, kama amepita jiwe. Miaka yote ananipita hivyo. Nikamwambia: Alhamisi utajua mlango wa baba yako ulikuwa wapi. Omosa wa Suna ameshaukata."

"Levis Otieno ni nani?"

"Mtoto wa nahodha."

* * *

Ukumbi wa Nahodha, uliopewa jina la baba yake Levis, ulikuwa jengo la matofali mwendo mfupi kutoka ziwani, na ukuta mzima wa mbele ulikuwa umebeba ile picha, imekuzwa hadi wale wanaume sita wakawa warefu kuliko Bhoke. Chini yake, ndani ya kabati la kioo, ilikaa Gwassi nyingine, nzuri kuliko ya Omosa, imepigwa vanishi hadi inang'aa. Mlango wa mizigo ulikuwa upande wa kulia.

Levis Otieno, mwalimu mkuu mstaafu, mwanaume mpana wa miaka sitini na kitu, aliwapokea akiwa amesimama nyuma ya meza yake ya kazi. Alikuwa na patasi mkononi, na hakuiweka chini.

"Madam, una waranti?"

"Nina maswali tu, Mwalimu."

"Basi uliza haraka. Nina wageni saa nane." Alimtazama kuanzia viatu. "Werema. Kuria, sivyo? Isebania?"

"Kehancha."

"Na wamekutuma wewe kuuliza mambo ya meli. Nyinyi mnajua ng'ombe, mama. Maji mmeyaonea kwa ndoo."

Metrine alijisogeza. Bhoke alimzuia kwa jicho, akatoa daftari lake.

"Ulimjua Clifford Omosa?"

"Nilimjua. Seremala wa viti vya shule aliyeamua uzeeni kuwa mtaalamu wa meli. Alinisumbua miaka minne. Alitaka barua za baba yangu, alitaka vipimo, alitaka nimwoneshe hiki na kile. Nilimpa chai mara mbili, mara ya tatu nikamfungia geti."

"Mara ya mwisho mliongea lini?"

"Jumamosi iliyopita. Alinipigia, nikamkatia simu. Angalia rekodi zenu."

"Nimeangalia. Sekunde kumi na moja." Bhoke aliandika. "Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo hakuna. Sikumpigia, hakunipigia, sikumwona."

"Hakukutumia picha ya kazi yake? Kwa simu, au kwa mtu?"

"Madam, nimesema hakuna. Unataka niseme kwa Kikuria?"

"Jumatano asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa. Peke yangu. Nafanya kazi."

"Jumanne jioni ulikutana na Phelesia Adhiambo."

Patasi ilisita, halafu ikaendelea kuzungushwa. "Yule mwanamke hana akili timamu. Mji mzima unajua. Hupiga kelele barabarani kila ukimwona. Sikumsikiliza."

"Alisema nini?"

"Nimekwambia sikumsikiliza."

Bhoke alifungua faili, akatoa picha moja, akailaza mezani. Ilikuwa picha ya polisi ya meli ya Omosa, imepigwa kutoka upande wa kulia. Ubavu mzima ulikuwa mweusi, laini, kutoka mbele hadi nyuma. Hapakuwa na mlango. Hapakuwa na kitu.

"Nisaidie kama mtaalamu," alisema. "Mimi ni mtu wa ng'ombe. Kazi hii unaionaje?"

Levis aliinama. Hata hasira yake haikuweza kumzuia asitazame. Alikuwa fundi kabla ya kuwa kitu kingine. Midomo yake ilijikunja.

"Kazi ya kubahatisha," alisema. "Anaamka asubuhi moja, anaona mlango haufai. Badala ya kubadilisha ubao mzima, anachanganya vumbi la mbao na gundi, anaziba, anapaka rangi nyeusi juu kabla hata haijakauka. Hiyo ndani ya mwezi mmoja ingepasuka. Na huyo ndiye alitaka kumfundisha mtoto wa Nahodha Otieno."

Metrine alisogea akauziba mlango.

"Mlango gani, Mwalimu?" Bhoke aliuliza.

"Huo aliouziba."

"Kwenye hii picha hakuna mlango."

"Ndiyo nasema, ameuziba."

"Anaweza kuwa hajaukata bado. Meli haijakwisha. Mimi nilipoitazama mara ya kwanza, hivyo ndivyo nilivyofikiri." Bhoke alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. "Tulijua umezibwa pale fundi wetu alipokwangua rangi juzi. Tulijua ni vumbi la mbao na gundi baada ya kuchimba kwa sindano. Wewe umejuaje?"

"Mtu yeyote mwenye macho..."

"Rangi ile Omosa aliinunua Jumatano. Nina risiti ya duka la Migori mjini, saa mbili na dakika tano asubuhi. Maiti ilikutwa saa sita. Aliyeona kile kiraka kikipakwa rangi kabla hakijakauka, alikiona kati ya saa hizo. Ndani ya karakana."

"Phelesia ndiye ameniambia!" Levis alisema.

"Hukumsikiliza."

"Nilisikia! Alisema Omosa ameuhamisha mlango!"

"Phelesia hajaiona ile meli hata siku moja. Hajui gundi wala vumbi la mbao." Bhoke alitoa picha ya pili. Ilikuwa ya karibu sana: rangi nyeusi, na katikati yake alama ya dole gumba, iliyobonyezwa wakati rangi ikiwa mbichi. Mstari mmoja ulikuwa umeikata alama hiyo kwa mshazari, kutoka kona hadi kona. "Mtu aliinyanyua meli aone kiraka vizuri. Si Omosa. Si Elvis, ambaye anakula ugali wa seli kwa ajili yako. Daktari anasema huo mstari ni kovu la kitu chenye makali. Mafundi wa mbao wanayo sana."

Levis Otieno aliiweka patasi chini. Mkono wake wa kulia ulijifunga taratibu hadi dole gumba likapotea ndani ya ngumi.

"Nioneshe," Bhoke alisema.

Hakuonesha. Aligeuka akautazama ukuta, wale watu sita na yule mwenye koti katikati yao. Alipoongea, sauti yake ilikuwa imeshuka lakini ukali ulikuwa pale pale.

"Nilienda kumwomba. Andika hivyo. Nilitoka hapa saa moja asubuhi, nikaendesha hadi Suna kwenda kumwomba. Nilimwambia, Mwalimu, chukua barua zote, chukua vipimo, chukua huu ukumbi uweke meli yako, lakini mlango urudishe ulipokuwa. Alikuwa anapaka rangi. Hakuacha hata kupaka. Nikainyanyua ile meli, nikamwonesha kiraka, nikamwambia, huoni hii ni aibu? Akaninyang'anya, akairudisha mezani, akachukua brashi. Akasema, 'Levis, mimi napima tu.'" Alirudia maneno hayo kama mtu anayetema. "Napima tu. Baba yangu yuko ndani ya kaburi, jina lake liko juu ya mlango wa jengo hili, na yeye anapima tu."

"Daftari liko wapi?"

"Nimelichoma."

"Metrine, pingu."

* * *

Walipomtoa nje, habari ilikuwa imeshatangulia. Pikipiki zilikuwa zimelizunguka gari, na wanawake wa samaki walikuwa wamesogea na mabeseni yao. Nusu ya watu wale walifundishwa kusoma na Levis Otieno. Mtu alipiga kelele kwamba Mwalimu anaibwa na Wakuria. Mwingine aliuliza kwa Sheng kama madam anafikiria hii ni Kehancha. Jiwe la kwanza liligonga boneti. La pili lilipasua taa.

Metrine aliweka mkono kwenye bastola kiunoni.

"Usitoe," Bhoke alimwambia. "Ukitoa hatutoki hapa." Alikuwa amemshika Levis kwenye kiwiko na alihisi mzee yule akisimama wima zaidi, akichota nguvu kutoka kwa zile kelele.

"Nendeni nyumbani!" Levis aliwaambia watu, kwa sauti ya mwalimu mkuu. "Ni uongo. Mimi nitarudi kesho!"

Walimshangilia. Gari lilianza kutikiswa.

Ndipo kitambaa cheupe kilipoonekana kikipenya kati ya pikipiki. Phelesia Adhiambo alikuwa amekuja kwa miguu, vumbi limempanda hadi magotini. Kijana mmoja alimzomea kwa mazoea, akasema mtoto wa mlevi huyo amekuja. Hakugeuka. Alikwenda hadi akasimama mbele ya Levis, karibu kiasi kwamba Bhoke aliweza kusikia pumzi yake. Aliongea Kijaluo, polepole, na Bhoke, aliyekulia mpakani mwa lugha zile, alielewa kila neno.

"Otieno," alimwita, bila Mwalimu. "Sikuulizi kuhusu Omosa. Huyo mahakama itakuuliza. Mimi nauliza moja tu. Baba yako alijua?"

"Toka mbele yangu."

"Yeye ndiye alisimama ndani ya ile picha. Alikuwa anapanda meli kila asubuhi. Alipowapa tume picha, alijua imegeuzwa?"

Watu waliokuwa wakitikisa gari waliacha. Walio nyuma waliuliza kuna nini, walio mbele wakawanyamazisha. Levis alitazama juu ya vichwa vyao, akatazama kando, hakupata mahali pa kuweka macho. Taya lake lilitembea.

"Jibu," Phelesia alisema. "Mimi nimengoja tangu nikiwa na miaka minane."

"Alijua," Levis Otieno alisema.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini mwanamke wa samaki aliyekuwa karibu alilirudia neno hilo kwa mwenzake, na mwenzake akalirudia. Bhoke alilisikia likienda nyuma, mdomo kwa mdomo, hadi kwenye pikipiki za mwisho.

"Alikuwa amepakia magunia mia mbili zaidi," Levis aliendelea, kana kwamba neno la kwanza lilikuwa limeng'oa kizuizi. "Upande mmoja. Zablon alimwambia wapunguze, akakataa. Aliniambia mwenyewe kabla hajafa. Alisema nisiruhusu mtu yeyote aiguse ile picha."

Phelesia alibaki amesimama. Mikono yake ilikuwa imeninginia, wazi, kama ya mtu aliyebeba mzigo mzito mwendo mrefu halafu akaambiwa ni hapa. Bhoke alidhani atampiga. Hakumpiga. Alivuta kitambaa chake, akajifuta shingo, akawageukia watu.

Walikuwa bado wamefunga barabara. Hakuna aliyekuwa na jiwe mkononi tena, lakini hakuna aliyejua aende wapi.

"Weuru gidhi," Phelesia aliwaambia. Waacheni waende.

Pikipiki moja ilirudi nyuma. Halafu nyingine. Yule kijana aliyemzomea ndiye aliyesogeza beseni lililokuwa mbele ya gurudumu, bila kumtazama mtu. Metrine aliwasha gari. Bhoke alimwingiza Levis nyuma, akaketi kando yake, na kabla hawajafika lami alikuwa ameshampigia mkuu wake.

"Mwachilieni Elvis," alisema. "Leo, si Jumatatu."

Aliposema hivyo aligeuka kutazama kioo cha nyuma. Phelesia Adhiambo alikuwa bado katikati ya barabara, na watu walikuwa wameanza kumkaribia, mmoja mmoja, wakisita. Mzee mmoja alikuwa amevua kofia.